Siagi, Majarini na Kinachopakwa Kwenye Mkate wa Mtoto

Leo tutazungumza juu ya kitu kilicho karibu katika kila nyumba, kiwe kwenye kopo, kwenye kijipakiti cha dukani au kwenye kibuyu. Ni yale mafuta tunayopaka kwenye mkate na kutia kwenye uji wa mtoto.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana hapa ndipo wengi hukanganyikiwa. Siagi ni mafuta ya maziwa. Ukichukua malai yaliyoelea juu ya maziwa ukayasukasuka, mafuta hujitenga na maji, na mafuta hayo ndiyo siagi. Ukiichemsha siagi mpaka maji yaishe na machicha yatue chini, unapata samli. Majarini ni kitu kingine kabisa. Hutengenezwa kiwandani kwa mafuta ya mimea, siku hizi hasa mawese, yakachanganywa na maji, chumvi, rangi na vitamini. Katika lugha yetu ya kila siku vyote huitwa siagi, na wengi wetu tukitumwa dukani twasema tu "Blue Band", hata kama kopo lina jina jingine. Dukani hilo halina neno. Lakini jikoni, unapomlisha mtoto, ni vizuri kujua umeshika nini.

Je, majarini ilitoka wapi? Ilitoka Ufaransa, mwaka 1869. Mtawala wa nchi hiyo wakati huo, Napoleon III, alitaka mafuta ya bei nafuu ya kuchukua nafasi ya siagi, kwa ajili ya wanajeshi na watu maskini. Mwanakemia aliyeitwa Hippolyte Mège-Mouriès akayatengeneza, si kwa mimea, bali kwa mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchanganywa na maziwa. Wafanyabiashara wa siagi wa Uholanzi wakainunua kazi hiyo, na majarini ikaenea Ulaya. Mafuta ya ng'ombe hayakutosha, viwanda vikageukia mafuta ya mimea. Shida ni kwamba mafuta mengi ya mimea ni majimaji, hayapakiki kwenye mkate. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Wilhelm Normann akapata njia ya kuyagandisha kwa kuyatia gesi ya haidrojeni. Weka jambo hilo kando, mama, tutalirudia.

(Muziki mfupi)

Sasa nataka usikilize yaliyowapata watoto wa Denmark, kwa sababu ndiyo yaliyofanya kopo lako la majarini leo liandikwe "vitamini A".

Denmark ni nchi ya wafugaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ombe wake walitoa maziwa mengi sana, na siagi yake ilisifiwa mbali. Lakini siagi hiyo ilikuwa ya kuuzwa. Ilipakiwa kwenye meli ikapelekwa Uingereza na Ujerumani kwa bei nzuri, na wenyeji, hasa maskini, wakapaka majarini. Watoto wao wakanywa maziwa yaliyokwisha kuenguliwa malai. Ungewatazama ungesema watoto hawa wanakula. Mkate upo, uji upo, mafuta yapo.

Kisha madaktari wakaanza kuletewa watoto wenye macho makavu. Jicho hupoteza ule mng'ao wake, sehemu ya mbele inaingia ukungu, inalainika, inachubuka, na mtoto anapofuka. Tena watoto hao walikuwa dhaifu kwa magonjwa mengine. Kifua na kuhara viliwamaliza wengi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, bei ya siagi ilipanda na watoto wa namna hii wakazidi.

Daktari wa watoto wa mji wa Copenhagen, Carl Bloch, alilifuatilia jambo hili. Katika nyumba moja ya kulelea watoto alikuta sehemu mbili chini ya paa moja. Upande mmoja watoto waliugua macho, upande wa pili hawakuugua. Hewa ni ile ile, walezi wa nyumba ni wale wale. Tofauti ilikuwa kwenye bakuli la asubuhi. Upande wa waliougua walipewa uji wa oti, na upande wa pili walipewa supu ya mkate iliyotiwa maziwa yenye malai yake. Alipowapa wagonjwa mafuta ya ini la samaki, wale ambao macho yao hayajaharibika kabisa walipona upesi.

Mwaka 1917 vita vya baharini vilifunga njia za meli, na siagi ya Denmark ikakosa pa kwenda. Mwezi wa Desemba serikali ikaanza kuigawa kwa mgao, gramu 250 kwa kila mtu kwa wiki, kwa bei ambayo hata maskini aliiweza. Mwaka uliofuata ugonjwa ule wa macho ukatoweka karibu kabisa. Hakuna dawa mpya iliyokuwa imeletwa. Siagi ilibaki nyumbani, basi.

Kilichokuwa ndani ya siagi na hakikuwa ndani ya majarini ya siku hizo ni vitamini A. Wanasayansi wa Marekani walikuwa wameigundua mwaka 1913 katika mafuta ya siagi na kiini cha yai. Baadaye viwanda vikajifunza kuitia kwenye majarini, na mwaka 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ikaifanya kuwa lazima. Hapa Kenya, tangu mwaka 2012, sheria inataka mafuta ya kula yanayofungashwa viwandani yaongezwe vitamini A, kama vile unga wa mahindi na wa ngano unavyoongezwa madini ya chuma na virutubishi vingine.

Kwa hiyo, mama, unaponunua majarini au mafuta ya kupikia, tafuta neno hilo kwenye kopo au pakiti, pamoja na alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho ya kutumiwa. Na jambo jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba vitamini A huharibiwa na mwanga na joto. Mafuta ya kupimiwa yaliyokaa kutwa nzima juani kwenye mtungi mweupe pale dukani yanaweza kuwa yamepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Najua wengi tunapimiwa kwa sababu ya mfuko, wala si kosa. Ila chagua duka linaloyaweka kivulini na kuyafunika, na ukifika nyumbani yahifadhi penye giza.

(Muziki mfupi)

Baada ya vita, majarini ilikuwa imepata heshima. Bei yake ilikuwa chini, ina vitamini, haiozi haraka. Kisha, kuanzia miaka ya 1950, madaktari wa nchi za Magharibi wakaanza kuonya juu ya mafuta ya wanyama na ugonjwa wa moyo, na watu wakaikimbia siagi. Angalia Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu mmoja alikula wastani wa kilo 8 za siagi kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 majarini ikaipita siagi. Kufikia miaka ya 1990 siagi ilikuwa imeshuka hadi chini ya kilo 2 kwa mtu. Wafugaji wa huko hawakukubali kushindwa kimya kimya. Walipigana na majarini hata kwa rangi! Kwa miaka mingi sehemu nyingi za nchi hiyo majarini iliuzwa nyeupe, na kijipakiti cha rangi ya manjano pembeni, mama akaikanda mwenyewe jikoni. Jimbo la Wisconsin ndilo lililokuwa la mwisho kuondoa marufuku ya majarini ya manjano, mwaka 1967.

Halafu mambo yakageuka tena, na hapa ndipo tunarudi kwa ile gesi ya haidrojeni. Mafuta ya majimaji yakigandishwa nusu nusu kwa gesi hiyo, ndani yake huzaliwa aina ya mafuta inayoitwa transi. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mafuta ya transi hupandisha lehemu mbaya kwenye damu na kuishusha ile nzuri, maana yake huumiza moyo kwa njia mbili. Kwa hiyo ile majarini ngumu ambayo watu waliikimbilia ili kuulinda moyo ilikuwa na kitu kibaya kuliko siagi waliyoikimbia. Denmark, nchi ile ile ya watoto wa macho makavu, ikawa ya kwanza duniani kuyawekea kikomo mwaka 2003, yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote zifanye vivyo hivyo. Viwanda vingi vimebadilisha utengenezaji, ndiyo maana mawese yameenea, kwa kuwa yenyewe huganda bila kutiwa gesi. Huko Marekani siagi ilirudi, na tangu katikati ya miaka ya 2000 imeipita majarini tena.

Sasa wewe utajuaje? Soma maandishi madogo ya nyuma. Ukiona kwa Kiingereza "partially hydrogenated", rudisha kopo kwenye rafu. Maneno hayo utayakuta zaidi kwenye mafuta magumu ya kukaangia, biskuti na keki za bei rahisi kuliko kwenye majarini laini. Kama macho yako hayaoni maandishi hayo, mpe mtoto wa shule akusomee.

Huku kwetu safari ilikuwa tofauti kidogo. Wafugaji wa Kenya walisuka maziwa kwenye vibuyu tangu zamani, bila mkate wowote wa kupaka. Pwani samli ikawa roho ya pilau na halua. Wakati wa ukoloni walowezi walianzisha viwanda vya malai, na chama chao cha KCC kikaanza mwaka 1925. Siagi ile ya kiwandani ilikuwa ya meza za wazungu na ya kuuzwa ng'ambo, kama ya Denmark. Mwafrika aliyefuga alijulikana zaidi kwa samli. Mkate na chai vilipoingia mijini, kisha vijijini, kilichopakwa kilikuwa majarini, kwa sababu kilo yake ilikuwa rahisi kuliko ya siagi na haikuhitaji friji. Kopo lile la Blue Band lilitoka kiwanda cha Nairobi cha East Africa Industries, iliyokuwa chini ya Unilever. Unilever yenyewe iliuza biashara yake ya majarini mwaka 2018, lakini jina limebaki midomoni mwetu. Kopo tupu likawa la chumvi, la sukari, la kupimia unga. Ni nyumba gani haikuwa nalo?

Kwa hiyo mama wa Kenya hakuacha siagi kwa kuogopa ugonjwa wa moyo. Alichukua kilichokuwepo kwa bei anayoiweza. Ndiyo maana sipendi mashauri yanayomwambia mama atupe majarini anunue siagi. Siagi nayo, karibu nusu ya uzito wake ni yale mafuta magumu yasiyofaa kuzidi kwa mtu mzima. Majarini laini iliyotiwa vitamini A na isiyo na mafuta ya transi inatosha kabisa, ikiwekwa mahali pake.

Na mahali pake ni wapi? Tuanze na mtoto mchanga. Katika baadhi ya jamii zetu mtoto akizaliwa hulambishwa siagi au samli. Tafadhali, nyanya, kwa heshima zote, tuache desturi hiyo. Mpaka atimize miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee. Karibu nusu ya nguvu iliyomo katika maziwa ya mama hutokana na mafuta, kwa hiyo samli ameshaipata kwa njia iliyo salama.

Akitimiza miezi sita na kuanza uji, hapo mafuta yana kazi kubwa. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hujaa kwa kikombe kimoja tu. Uji mwepesi ukimjaza, ameshiba maji. Upike uji mzito unaoshika kijiko, uepue, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta au majarini kwenye bakuli lake ukoroge. Kijiko hicho humwongezea nguvu bila kumwongezea ujazo. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, mafuta ya maji kama ya alizeti ni afadhali, kwa sababu majarini nyingi zina chumvi. Usizidishe ukidhani atanenepa upesi. Mafuta mengi humkinaisha na kuchukua nafasi ya maziwa, maharagwe, yai au omena, vinavyojenga mwili. Vilevile usikamue mboga ukamnyima mafuta. Vitamini A iliyo ndani ya sukuma wiki, terere, karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya machungwa huingia mwilini vizuri ikiandamana na mafuta kidogo.

Tahadhari na makopo yaliyoandikwa "low fat". Majarini kamili na siagi zina mafuta gramu 80 katika kila gramu 100. Za "low fat" zinaweza kuwa na gramu 40 au chini ya hapo, na kilichobaki kikubwa ni maji. Zinamfaa baba mwenye tumbo au mama aliyeambiwa apunguze uzito. Mtoto wa chini ya miaka miwili hazimfai, kwa kuwa ule ule unaomtilia kijiko cha nguvu umemtilia nusu maji. Na ukizitia kwenye kikaango zitarukaruka na kukuunguza.

Sasa huyu wa shule. Chai ya rangi na vipande viwili vya mkate vilivyopakwa majarini, asubuhi hadi Ijumaa. Tumbo limejaa, lakini chakula cha kujenga mwili hakipo, na chai yenyewe huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri. Mara mbili tatu kwa wiki badilisha. Ponda parachichi lililoiva, tia chumvi chembe, paka. Kando ya barabara za Murang'a linauzwa kwa bei ndogo, na mafuta yake ni ya aina nzuri kwa moyo. Maharagwe ya jana yaliyopondwa nayo yanapakika vizuri, ingawa watoto watacheka siku ya kwanza.

Siagi ya njugu karanga ni nzuri sana, ina mafuta na inajenga mwili. Lakini njugu zenye ukungu zina sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na sumu hiyo haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2019 KEBS ilisimamisha baadhi ya chapa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo. Ukisaga mwenyewe, chagua njugu moja moja, tupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye uchungu. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano njugu nzima, zitamkaba. Hata siagi yake ikorogee kwenye uji badala ya kumpa kijiko kikavu. Asali usimpe aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone. Jemu ni sukari zaidi kuliko tunda.

Tukimalizia, kuna swali linaloulizwa mara nyingi na akina mama wa mashambani: siagi ya ng'ombe wangu mwenyewe, je? Ni nzuri, ina vitamini A, hasa ng'ombe akila majani mabichi. Lakini maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela, ile homa ya maziwa inayorudi rudi na kuumiza viungo, na siagi iliyosukwa kwa maziwa hayo hubeba vijidudu hivyo hivyo. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, engua malai ndipo usuke. Ama igeuze siagi kuwa samli, kwa kuwa moto wake huviua.

Hata kama nyumbani kuna siagi, majarini na mboga zote hizi, mtoto wako bado anahitaji matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, tangu miezi sita hadi atimize miaka mitano. Kapsuli ya bluu ni ya aliye chini ya mwaka, nyekundu ni ya aliyezidi. Katika zahanati za serikali hutolewa bure, na mwezi wa Mei na wa Novemba kuna wiki za Malezi Bora. Beba kile kijitabu chake cha kliniki waandike tarehe. Ukiona mtoto anajikwaa jioni giza linapoingia hali mchana anaona vizuri, au macho yake yamekauka na kupoteza mng'ao, usingoje wiki hizo. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya yai: mtoto aanze kulila akiwa na umri gani, na kwa nini bado kuna nyumba zinazomnyima. Kwaheri kwa sasa.

(Muziki wa kufunga kipindi)